Nyanya Yenye Mabega ya Kijani

Wapo wanaoniambia kwamba kupanda nyanya za mbegu za zamani ni kupoteza ardhi: zinapasuka, hazilingani, hazisafiri. Ni kweli hazisafiri. Lakini kutoka bustanini kwangu hadi jikoni ni hatua 20. Zisafiri kwenda wapi?

Nimepanda Roma, Money Maker ya Waingereza, na ile ndogo ya kienyeji inayojiotea yenyewe jalalani. Nikazikata, nikatia chumvi kidogo, nikaonja moja moja. Roma ina nyama, ni ya mchuzi. Money Maker ina maji na uchachu wa kupendeza. Ile ya jalalani, ambayo sokoni hakuna anayeitazama mara mbili, ndiyo iliyozishinda zote kwa utamu.

Na wataalamu walikwisha kusema. Mwaka 2012 ilidhihirika kwamba wazalishaji wa mbegu, kwa kuchagua muda wa miaka 70 hivi nyanya zinazoiva rangi moja, zisizo na mabega ya kijani, walizima jeni inayolisaidia tunda kujitengenezea sukari. Yaani tumeuziwa sura, tukanyimwa ladha, kisha tunaambiwa hayo ndiyo maendeleo!

Simlaumu mkulima wa biashara apandaye chotara. Lori lina masharti yake. Ninachokataa ni kumshawishi mama mwenye matuta mawili nyuma ya nyumba anunue pakiti kila msimu, ilhali mbegu ya chotara ukiirudia haizai kama mamaye. Ya zamani ukiikamua, ukailoweka siku mbili tatu mpaka utelezi utoke, ukaiosha na kuianika kivulini, unayo ya mwakani, na ya jirani pia.