Hema za Wageni Kando ya Mto Nile



Mtu akitoka Jinja na kuifuata njia inayoandama Mto Nile kwenda kaskazini, ataona mashamba ya mahindi na muhogo, migomba, nyumba za watu, makanisa, misikiti na shule. Katikati ya hayo ataona vibao vya kukaribisha wageni, na nyuma ya ua ataona hema zimepangwa chini ya miti. Hizo ndizo kambi za mapumziko. Wageni hulala hapo, huogelea, huvua samaki, huteremka mtoni kwa boti za mpira zinazorushwa huku na huku na maji, kisha hurudi makwao. Kazi hiyo ya boti ilianza mwaka 1996, na tangu hapo jina la Jinja limesikika mbali. Kambi za namna hii ziko pia Sipi katika Kapchorwa, penye maporomoko matatu, na kando ya Ziwa Bunyonyi karibu na Kabale.

Watu wengi hubishana kama kambi hizi ni nzuri au mbaya. Mimi naona ubishi huo hautufai sana, maana kambi zimekwisha kuja na nyingine zitakuja. Yafaa tuulize hivi: shamba linapogeuka kuwa kambi, nani amekubali, amekubali kwa masharti gani, na ramani inasema nini? Ndilo jambo ninalotaka kulieleza leo, kwa kuwa wengi wetu tumetoka katika vijiji vya namna hiyo, na ndugu zetu waliotutangulia katika shule hii wengine wao hukaa katika baraza na kamati zinazoamua mambo hayo.

Kwanza tujue sheria. Zamani kupanga matumizi ya ardhi lilikuwa jambo la mijini. Mtu wa shambani aliona wapima ardhi mara moja katika maisha yake, na pengine hakuwaona kabisa. Lakini Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 ilitangaza kwamba nchi nzima ya Uganda ni eneo la kupangwa, vijiji pamoja na miji. Maana yake ni kwamba ardhi ya kijijini nayo yaweza kuandikwa: hapa ni pa kulima, hapa ni pa kukaa watu, hapa ni msitu, hapa ni pa wageni na mapumziko. Ziko kamati za kazi hiyo katika wilaya, katika miji na katika gombolola. Basi mahali palipoandikwa kilimo panapobadilishwa kuwa pa kambi, hilo si jambo la mwenye shamba na mgeni wake peke yao. Ni jambo la majirani wote, na majirani wanayo haki ya kusema.

Sasa tuseme kweli juu ya faida. Wako wazee wanaosema kwamba ardhi ni ya jembe tu, na kwamba kuiacha mitupu kwa ajili ya watu wanaokuja kucheza ni uvivu. Siwezi kukubaliana nao katika hilo. Kambi moja yahitaji wapishi, walinzi, wafuaji, mafundi wa seremala, waongoza boti na wapanda pikipiki wa kuchukua wageni. Yanunua mayai, nyanya, ndizi na samaki. Tena mwenye kambi hana haja ya kukata miti, maana kivuli ndicho kinachomletea fedha. Mahali pengi miti mikubwa ya kando ya mto imesalia kwa sababu hiyo. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Maneno hayo ni ya kweli, ila tuyasikilize mpaka mwisho. Mgeni aje, lakini mwenyeji apone. Mgeni akija na mwenyeji akazidi kuugua, methali hiyo haikutimia.

Mwenyeji huuguaje? Tuchukue mfano wa kijiji chochote cha kando ya mto. Kuna njia ya miguu inayotoka kwenye nyumba za watu mpaka majini. Njia hiyo haikuandikwa popote. Akina mama hupita hapo na madumu, watoto hupita na ng'ombe, wavuvi hupita na mitumbwi yao. Shamba lililo mbele ya njia likikodishwa kwa kambi, ua hujengwa, mlinzi husimama mlangoni, na njia imekwisha. Hakuna aliyeiba kitu, wala hakuna aliyevunja mkataba, kwa maana mkataba haukuitaja njia. Lakini tangu siku hiyo mama huzunguka mwendo mrefu kutafuta maji, na mvuvi hana mahali pa kuegesha mtumbwi. Mali bila daftari huisha bila habari. Na njia ya maji ni mali.

Pili, kuna fedha yenyewe. Katika nchi yetu Katiba ya mwaka 1995 inasema kwamba ardhi ni ya raia. Asiye raia hawezi kuimiliki milele. Aweza kukodi tu, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 imeweka mwisho wa miaka 99. Watu husikia neno hilo na kufurahi, wakidhani ardhi yao iko salama. Lakini hebu tuhesabu. Mtu aliyekodisha shamba kwa miaka 99 akiwa na umri wa miaka 40, hatalirudisha yeye, wala mwanawe, na huenda wala mjukuu wake. Kodi aliyopewa mara moja huenda ikanunua pikipiki na mabati, na pikipiki haidumu miaka 10. Kwa jina amekodisha, kwa matendo ameuza.

Tatu, tukumbuke kwamba ng'ambo mbili za mto hazifanani. Upande wa Busoga ardhi nyingi ni ya kimila, imeshikwa na jamaa na ukoo. Upande wa Buganda ziko ardhi za mailo, zilizotokana na Mapatano ya mwaka 1900, na juu yake wanakaa watu wenye vibanja. Huko mwenye hati ni mmoja na mwenye kulima ni mwingine. Mwenye hati akizungumza na mwenye kambi, mwenye kibanja aweza kusikia habari baada ya mambo kwisha, na hali sheria inamtambua yeye pia. Tena sheria inasema ardhi ya jamaa, ile wanayokaa na kupata chakula chao, haiwezi kuuzwa wala kukodishwa bila mume na mke kukubaliana. Ni vijiji vingapi vinavyojua neno hili?

Mtu aweza kunijibu, "Kama faida ni nyingi, kwa nini tusigeuze ukingo wote kuwa wa kambi, watu wote wakapata kazi?" Jibu la swali hilo limo katika historia ya mto wenyewe. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa, na maporomoko ya Ripon, ambayo Speke aliyaona mwaka 1862, yakafunikwa na maji. Baadaye likajengwa bwawa la Bujagali, la megawati 250, lililofunguliwa mwaka 2012. Maporomoko ya Bujagali, ambayo Wasoga waliyaheshimu kuwa ni makao ya mizimu, na ambayo wageni waliyajia kutoka nchi za mbali, yakazama. Kazi ya boti ikabidi ihamie chini zaidi. Kisha mwaka 2019 likaanza kazi bwawa la Isimba, la megawati 183, na maji yake yakafunika mawimbi mengine tena.

Sisemi mabwawa ni mabaya. Sisi sote twasoma usiku kwa taa za umeme. Nasema kwamba kambi ya mtoni imejengwa juu ya kitu ambacho mwenye kambi hakitawali. Ofisi moja yaweza kuandika "mapumziko" na ofisi nyingine ikaandika "umeme" juu ya maji yale yale. Serikali iliwahi kuahidi Benki ya Dunia kwamba maporomoko ya Kalagala hayatatumiwa kwa umeme, yawe fidia ya yale yaliyopotea Bujagali. Ahadi hiyo ni njema, lakini maporomoko ni machache na mahitaji ya umeme ni mengi. Kijiji kilichoacha jembe lote na kutegemea hema tupu kitapata hasara mara mbili siku maji yatakapobadilika: hakina wageni, wala hakina shamba. Kwa hiyo mpango mzuri ni ule unaoweka kambi mahali pake na kilimo mahali pake, kimoja kisimmeze mwenzake.

Basi naleta mashauri manne, wasomaji wayapime.

La kwanza, kamati ya gombolola isikubali kambi yoyote kabla ya kuzichora katika ramani njia za miguu, mahali pa kuteka maji, mahali pa kunyweshea ng'ombe, mahali pa mitumbwi, makaburi na mahali pa ibada. Jambo hili si geni duniani. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1949, baraza za kaunti ziliagizwa kuzikagua njia za miguu za mashambani na kuzichora katika ramani, na njia iliyochorwa mwenye shamba hawezi kuifunga kwa kupenda kwake. Kama wao waliona haja hiyo, sisi tunaochota maji kwa miguu tuna haja zaidi.

La pili, ardhi ikodishwe kwa miaka michache, na kodi iangaliwe upya kila baada ya muda uliotajwa. Mkataba usomwe kwa lugha ya kijiji mbele ya mume, mke na watoto wakubwa, na mwenye kibanja aitwe pale pale.

La tatu, sheria ya ukingo iwe moja kwa wote. Kanuni za mwaka 2000 zinalinda ukanda wa meta 100 kando ya mito mikubwa kama Nile, na meta 200 kando ya maziwa makubwa kama Victoria, mtu asiharibu ardhi hapo bila ruhusa. Kanuni hizo hazikuandikwa kwa ajili ya mkulima wa nyanya peke yake. Akikatazwa yeye kulima karibu na maji ili udongo usiporomoke, mwenye kambi naye aulizwe choo chake kiko wapi na maji machafu yake yanakwenda wapi. Mkulima akiona sheria inamshika yeye na kumwacha tajiri, hataitii tena, na mto ndio utakaoumia.

La nne ni letu sisi vijana. Katika kila mpango wa mapumziko patengwe mahali pa watoto wa nchi: uwanja wa skauti, wa shule na wa vikundi vya dini, penye kisima na choo, pa kulipia kidogo au bure. Wengi wetu twajua urefu wa Mto Nile kwa kitabu cha jiografia, twaweza kutaja nchi unazopita, lakini hatujapata kulala usiku mmoja kando yake na kusikia sauti yake. Si haki kwamba mtu aliyevuka bahari aujue mto wetu kuliko sisi. Tena kijana aliyepiga hema mahali, akapika hapo na kufagia hapo, hatatupa taka mahali pale atakapokuwa mkubwa. Hilo ni somo ambalo ubao hauwezi kulifundisha.

Labda mtu atasema kwamba watu wa kijijini hawajui ramani, na kwamba kuwaita ni kuchelewesha kazi. Maneno hayo ndiyo yaliyozaa taabu nyingi. Katika Mlima Elgon, mpaka wa msitu ulichorwa na kuchorwa tena, na Wabenet waliokaa huko tangu zamani wakahamishwa na kuhangaishwa miaka mingi, mpaka mwaka 2005 Mahakama Kuu ikathibitisha kuwa wao ni wenyeji wa asili wa mahali pale. Hata baada ya hukumu hiyo taabu zao hazikwisha upesi. Je, kuwauliza watu kabla ya kuchora mstari kungechukua muda mrefu kuliko hapo? Na mtu wa kijijini, hata kama hajui kusoma ramani, ajua kila jiwe na kila mti wa kwao. Mpeleke shambani, utembee naye, atakuonyesha mipaka ambayo karatasi haina.

Ndugu zetu mliosoma hapa zamani, baadhi yenu ni mawakili, wapima ardhi, maofisa wa wilaya na wajumbe wa baraza. Karatasi hizi hupita mikononi mwenu. Twawaomba, tangazo la kubadilisha matumizi ya ardhi likija, msiridhike kulibandika ukutani kwa Kiingereza. Litangazwe sokoni, kanisani na msikitini, kwa lugha ya mahali pale, na siku ya kusikiliza pingamizi iwe siku ambayo watu hawako mashambani.

Na sisi tulio madarasani bado, likizo inakuja. Kila mmoja wetu akifika kwao, apite ofisi ya gombolola, atazame matangazo yaliyobandikwa, kisha ayasome nyumbani jioni mbele ya baba, mama na majirani. Akiona njia ya maji haimo katika ramani, aandike barua ya heshima na wazee watie sahihi au alama ya kidole gumba. Karo yetu imelipwa kwa mazao ya mashamba hayo hayo. Kuyasomea karatasi zake ni deni, na deni hili halihitaji kungoja mpaka tumalize mtihani.