Sega Lililo Chini ya Gari

Magari yapitayo Kamwokya kwenye Barabara ya Kira hutoa moshi karibu na madirisha ya nyumba. Gari la petroli la miaka ya karibuni huwekewa, katika bomba la moshi, kopo lenye sega la kauri lililopakwa platini, paladi na rodi. Metali hizo hushirikiana: platini na paladi huiunguza kaboni monoksidi, gesi iuayo, rodi huzinyang'anya oksidi za nitrojeni oksijeni yake. Katika magari mengi mapya ya dizeli, kazi hii ya pili hufanywa na shaba iliyotiwa ndani ya zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo mno, ikisaidiwa na amonia.

Risasi iliyotiwa katika petroli iliharibu masega hayo. Nchi za kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwaka 2006. Hatari iliyobaki ni sega kung'olewa na kuuzwa kwa ajili ya metali zake. Gari huendelea kwenda kama kawaida, bali gharama hulipwa na vifua vya watoto. Basi dereva na mwenye gari walikague kabla na baada ya matengenezo. Wakumbuke pia kwamba sega baridi halifanyi kazi: injini isiachwe ikinguruma karibu na dirisha la chumba, wala ndani ya banda lililofungwa.