Blaza, hilo tairi umelijaza ngapi?

Nimeadimika kidogo, kazi za gazetini mnazijua wenyewe. Leo nina jambo limenikaa kooni tangu safari yangu ya juzi ya Iringa, na nisipolitoa hapa sijui nitalitoa wapi, maana mhariri wangu keshasema "hiyo si habari".

Tulitoka stendi ya Mbezi alfajiri, basi limejaa mpaka buti. Tumeshavuka Mikumi, tunakaribia Ruaha Mbuyuni, suka akapunguza mwendo na kuegesha pembeni. Utingo akashuka, konda akashuka, na abiria robo tatu nao wakashuka, kwa sababu Mtanzania akiona gari limesimama lazima akasimamie kazi. Tairi moja la nyuma, la nje, upande wa kushoto, lilikuwa limelegea. Utingo akaligonga na spana ya magurudumu. La jirani yake lililia "ndi!", hili likalia "pu!". Akavuta mpira mrefu chini ya siti, ncha moja akaichomeka kwenye mfumo wa upepo wa basi lenyewe, nyingine kwenye vali ya tairi. Suka akawa anakanyaga mafuta gari likiwa limesimama. Ssssss.

Mimi nikawa nimechuchumaa pale pale napiga picha na simu. Pembeni yangu mama mmoja kakaa juu ya jiwe, kampakata mwanae, hatua mbili kutoka kwenye tairi.

"Kaka, unajaza mpaka ngapi?" nikamuuliza utingo.

"Mpaka likaze, blaza."

Akaligonga tena, likalia "ndi!", akachomoa, tukapanda, tukaondoka. Tulifika salama, namshukuru Mungu. Ila niliporudi Dar nikaanza kuuliza mafundi na kusoma, na nikagundua kwamba pale nilipochuchumaa ndipo mahali pabaya kuliko pote ambapo ningeweza kuwa.

Kabla hamjaanza kumsema utingo, mimi nina upande wake. Ule mpira ni kitu cha akili. Basi kubwa linatumia breki za upepo, kwa hiyo limebeba kompresa inayoendeshwa na injini, na matangi ya kuhifadhia. Porini hakuna fundi pancha, na kutembea na tairi legevu mpaka mji unaofuata ni kuliua. Hata Marekani, wazee waliostaafu wanaozunguka na zile nyumba za magurudumu zenye ukubwa wa basi wanafanya hivyo hivyo, maana nyingi kati ya zile kubwa za dizeli zina breki za upepo na matairi ya rimu ya inchi 22.5 kama mabasi yetu. Kwa hiyo huo si ushamba wa Kiafrika.

Tatizo ni "mpaka likaze".

Gari dogo linahitaji psi 30 na kitu. Tairi la basi kubwa mara nyingi linahitaji kati ya 100 na 125, kutegemea saizi ya tairi na uzito uliolala juu yake. Sasa angalia mfumo wenyewe. Kwenye magari mengi kompresa inaacha kujaza matangi yakifika kama psi 120, halafu haianzi tena mpaka yashuke kwenye 100 hivi. Mengine yana namba za juu zaidi, lakini mtindo ni huo huo. Maana yake ni kwamba unapochomeka mpira, upepo uliomo tangini unaweza kuwa 120 au unaweza kuwa 102, na upepo hauendi mahali penye nguvu kuliko ulikotoka. Kama tairi linatakiwa kuwa 110 na tangi lina 102, utasikiliza ile ssssss mpaka jioni na hutafika. Tena kama tairi lilikuwa na 108, upepo unaweza kurudi tangini, na wewe umesimama hapo unadhani unajaza! Madereva wanaojua wanakanyaga breki mara kadhaa ili matangi yashuke, kompresa iamke, ndipo wajaze ikiwa inafanya kazi. Wa kwetu alikuwa anakanyaga mafuta tu. Labda alijua mshale wake uko wapi, labda hakujua. Nimpe haki yake kwa jambo moja: hakuondoa gari mpaka mshale wa upepo wa breki uliporudi juu. Kutoka hapo mbele yetu kulikuwa na Kitonga, na Kitonga huendi na matangi yaliyopungua.

Bila geji, hayo yote ni ramli. Spana inatofautisha tairi lililokufa na lililo hai, basi. Tairi la 75 na la 110 yote yatakulilia "ndi". Na yakiwa mawili mawili kama ya nyuma, ndiyo kabisa: moja likilegea, jirani linabeba mzigo wa wawili, na kwa macho yako ya abiria yanaonekana yamesimama vizuri.

Tairi likiwa na upepo mdogo, mbavu zake zinajikunja kila linapozunguka. Tairi la basi huzunguka karibu mara 300 kwa kila kilomita. Dar mpaka Iringa ni kama kilomita 500, fanya hesabu mwenyewe: laki moja na nusu. Kila mkunjo unazaa joto, joto linaachanisha mpira na nyaya za chuma zilizomo ndani, na nyaya zenyewe zinachoka kama waya wa uzio unaoukunja na kuukunjua. Kwa nje huoni kitu. Halafu anakuja mtu na mpira wake, anajaza upepo, na zile nyaya zilizochoka zinakatika kwa mstari. Ubavu unafunguka kama zipu. Hapo ndipo alipokuwa yule mama na mwanae, na mimi na simu yangu.

Ndiyo maana wenzetu Marekani, kwenye kanuni za usalama kazini za OSHA, namba 1910.177, wameandika kwamba tairi likiwa limepungua lakini bado lina zaidi ya asilimia 80 ya upepo wake, mfanyakazi anaweza kulijaza likiwa kwenye gari, mradi atumie kifaa cha kujazia akiwa mbali na asiwepo mtu kwenye njia ambayo litapasukia. Likishuka kufikia asilimia hiyo au chini yake, linafunguliwa na kukaguliwa kwanza. Asilimia 80 ya 110 ni 88. Utaijuaje 88 kwa spana?

Sasa nije kwetu sisi waandishi, maana siwezi kumsema utingo nikajisahau. Nimeshaandika mwenyewe, si mara moja: "chanzo cha ajali hiyo ni kupasuka kwa tairi la mbele." Nukta. Nikatuma, nikaenda kula. Kama vile tairi liliamka asubuhi likaamua kufa. Sijawahi kumpigia kamanda simu ya pili kumuuliza lile tairi lilikuwa la mwaka gani, lilipimwa lini, nani alilijaza na alisomaje. Tunaandika "mwendo kasi" na "uzembe wa dereva" kwa sababu maneno hayo yanaenea vizuri kwenye kichwa cha habari. Upepo hauna picha.

Halafu hili la geji si la pesa. Geji ya tairi la lori bei yake ni kichekesho ukilinganisha na tairi moja jipya la basi. Na wakati wa kuitumia ni asubuhi stendi, tairi likiwa baridi, kwa sababu namba ya kiwandani ni ya tairi baridi. Likishatembea saa tatu juani presha inapanda yenyewe, kwa hiyo tairi la moto linalosoma sawasawa na kibandiko, jueni limepungua. (Na msimruhusu mtu alipunguze upepo likiwa la moto eti "limezidi".) Nimeshaona askari wa usalama barabarani stendi wakimpulizisha dereva kwenye kile kidude cha ulevi. Safi sana. Pumzi ya dereva inapimwa, pumzi ya tairi hakuna anayeiuliza, wakati kulizunguka basi zima na geji ni dakika kumi tu.

Najua mtaniambia abiria hana nguvu, akiuliza sana anaambiwa ashuke. Huenda. Lakini abiria hamsini wakiuliza swali moja, sidhani kama konda atawashusha wote.

Alhamisi ijayo narudi Iringa. Geji nimeshanunua Kariakoo, ipo kwenye begi, na nitafika stendi nusu saa kabla. Kama konda akiniruhusu nitawaletea namba za matairi yote hapa hapa, na asiponiruhusu nitawaambia alivyonijibu. Wale wenye ndugu madereva waulizeni, mniandikie.

Nawakilisha.