Mhusika Asiye na Nia Hafundishi

Maigizo ya kupinga ndoa za utotoni yamekuwa silaha muhimu ya kuelimisha umma hapa Ibadakuli na kote Usukumani. Tunawapongeza wasanii wetu. Hata hivyo, iko kasoro moja ambayo ni wajibu wetu kuieleza bila kificho.

Baba anayemwoza binti yake huonyeshwa kila mara kuwa mlevi, mjinga na mroho wa ng'ombe. Watazamaji hucheka, kisha kila mzazi hurejea nyumbani ameridhika kwamba yule siye yeye. Maana yeye si mlevi. Yeye anahitaji mahari ili mwanawe wa kiume naye aoe. Au mvua zimekosekana na ghala ni tupu. Au anaogopa binti atapata mimba angali shuleni. Tulifunzwa chuoni tangu utotoni kwamba tendo hupimwa kwa nia. Nia isiyotajwa jukwaani haiwezi kujibiwa.

Ebrahim Hussein alilifahamu hilo katika tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Kinjeketile wake si laghai wala malaika. Anataka makabila yaungane dhidi ya Mjerumani, na papo hapo anahofu kwamba imani ya maji, aliyoieneza mwenyewe, itawaangamiza watu wake. Ndiyo sababu twamwamini.

Jirani zetu wa Malya, wilayani Kwimba, nao walitoa funzo. Mwaka 1982 na 1983, wakishirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichunguza kwanza shida zao, zikiwamo mimba za wasichana wa shule, ndipo wakatunga maigizo.

Wapo watakaosema kwamba kumpa baba sababu ni kumtetea. La hasha! Kuieleza nia si kuihalalisha. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kuwa vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 vinakiuka Katiba. Lakini hukumu ya mahakama haiketi na wazee usiku wanapohesabu ng'ombe. Igizo laweza kuketi nao, iwapo litasema kweli.

Kwa hiyo, kabla ya kugawa nafasi, kila kikundi kijiulize: mtu huyu anataka nini, anaogopa nini, na nani atakayelipa gharama? Na binti naye apewe jambo analolitaka maishani, si machozi peke yake.