Kirilenko: pesa za Utah na heshima ya Madrid

Andrei Kirilenko alicheza NBA kwa miaka zaidi ya kumi, lakini hajapata pete hata moja ya ubingwa. Kwa hiyo, kila mara orodha ya nyota wa Ulaya inapotengenezwa, jina lake linawekwa mbali chini, au linasahauliwa kabisa. Hesabu hiyo si ya haki. Ni hesabu ya watu wanaoangalia vikapu peke yake.

Kirilenko alizaliwa Izhevsk mwaka wa 1981 na kukomaa Saint Petersburg, kisha akahamia CSKA ya Moscow akiwa bado kijana mdogo. Mwaka wa 1999 timu ya Utah Jazz ilimchagua katika nafasi ya 24. Alikuwa na miaka 18 tu. Alifika Marekani mwaka wa 2001, akavaa namba 47, na jina la utani likajitengeneza lenyewe: AK-47. Huko mashariki mwa Kongo jina hilo halichekeshi sana, lakini kwa mashabiki wa Utah lilikuwa la upendo.

Ni mchezaji gani huyo? Mwembamba, mita 2 na sentimita 6, mikono mirefu, anakimbia kila mahali. Tarehe 3 Januari 2006, mbele ya Lakers, alifunga pointi 14, akachukua mipira 8 iliyorudi kutoka ubaoni, akatoa pasi 9 za vikapu, akanyang'anya mipira 6 na kuzuia mitupo 7. Wachezaji wanaofikisha angalau tano katika mambo yote matano kwa mechi moja ni wachache mno. Yeye alifanya hivyo mara tatu. Katika msimu wa 2004-2005 alikuwa wa kwanza katika ligi nzima kwa kuzuia mitupo, zaidi ya mitatu kila mechi. Wakongomani wanaijua kazi hiyo: ndiyo iliyompa jina Dikembe Mutombo. Lakini Mutombo alikuwa na mita 2 na sentimita 18. Kirilenko alipaswa kufika kwanza kwa akili, ndipo mkono ufuate.

Shida ilianza na pesa. Mwaka wa 2004 Jazz walimpa mkataba wa miaka sita wa dola milioni 86. Mtu akilipwa hivyo, watu wanamdai pointi, hata kama hakuajiriwa kwa ajili ya pointi. Na timu ilibadilika: Carlos Boozer na Deron Williams wakawa ndio wa kupewa mpira, na Kirilenko akabaki kusimama pembeni. Msimu wa 2005-2006 alikuwa na wastani wa pointi 15. Msimu uliofuata, 8. Wakati wa mechi za mtoano dhidi ya Houston, timu ya Mutombo wakati huo, Kirilenko alionekana akitokwa na machozi. Wengi walimcheka. Milioni zote hizo, na bado analia?

Jibu alilitoa miezi michache baadaye, na hakulitoa kwa mdomo. Septemba 2007, huko Madrid, Urusi ilikutana na Hispania katika fainali ya Ulaya. Hispania walikuwa mabingwa wa dunia, na walikuwa nyumbani. Urusi ilishinda 60 kwa 59. Kikapu cha mwisho kilifungwa na J.R. Holden, Mmarekani aliyepewa uraia wa Urusi, lakini mchezaji bora wa mashindano yote alikuwa Kirilenko. Kocha David Blatt hakumwomba awe mtu mwingine. Alimwachia mpira na uwanja. Mikono ni ile ile, miguu ni ile ile, na mwaka ni ule ule. Basi kilichokuwa kimeharibika Utah hakikuwa mchezaji.

Baada ya Madrid alisema wazi kwamba anataka kuondoka Jazz, hata kama ni kuacha mamilioni yaliyobaki kwenye mkataba. Haikuwezekana, akarudi kazini na kuumaliza mkataba wake hadi 2011. Hilo nalo lina uzito wake.

Halafu akarudi CSKA, akachaguliwa mchezaji bora wa EuroLeague mwaka wa 2012. Fainali ya Istanbul iliwatoka mkononi: waliongoza kwa pointi 19, wakapoteza 62 kwa 61 mbele ya Olympiacos. Lakini mwaka huo huo, London, Urusi iliipiga Argentina na kupata shaba, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa basketi ya wanaume wa nchi hiyo tangu Umoja wa Kisovieti uvunjike.

Mwaka wa 2015 aliacha kucheza, akachaguliwa rais wa shirikisho la basketi la Urusi. Na hapa ndipo penye uchungu. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, FIBA ilisimamisha timu zote za Urusi, na CSKA ikatolewa EuroLeague. Hatua hiyo inaeleweka: bendera ya nchi haiwezi kuchezewa mpira kama kwamba mabomu hayaanguki kwa jirani. Lakini bei yake inalipwa na watoto ambao hawakuulizwa juu ya vita, na mtu anayepaswa kuwaeleza ni yule yule aliyebeba bendera hiyo Beijing mwaka wa 2008.

Mwaka wa 2025 kijana Egor Demin alichaguliwa na Brooklyn Nets katika nafasi ya 8, juu sana kuliko Kirilenko. Alipitia Real Madrid, kisha chuo kikuu huko Utah. NBA ameipata, na pesa atazipata. Usiku kama ule wa Septemba 2007, wa kuvaa jezi ya nchi yake mbele ya Hispania na kocha anayemwamini pembeni, hakuna anayeweza kumpa kwa sasa, hata Kirilenko.