Acheni Kumsingizia MissingNo.

Kila baada ya muda linaibuka andiko, hasa kutoka kwetu sisi wapenda fasihi, linalomgeuza MissingNo. kuwa jini. Eti ni kiumbe kinachokula kumbukumbu. Ukimgusa tu, safari yako yote imefutika. Sitiari tamu, nakubali. Ila si kweli, na mimi nimechoka kuisoma.

Kwa ambaye hakuwahi kucheza: katika Pokémon Red na Blue, zilizotoka Marekani mwaka 1998, kuna mzee wa Viridian City anayekuonyesha jinsi ya kukamata Pokémon. Akiwa anaonyesha, gemu linaweka jina lake palipokuwa na lako, na lako linahifadhiwa kwa muda kwenye nafasi ya orodha ya wanyama wa porini. Ukiruka moja kwa moja hadi Cinnabar Island na kuogelea kando ya ufukwe wa mashariki, gemu linasoma herufi za jina lako kana kwamba ndizo orodha hiyo. Herufi ikiangukia namba isiyo na mwenyewe (nafasi ziko 190, Pokémon halisi ni 151) anatokea yeye, rundo la vidoti lenye umbo la L iliyogeuzwa.

Anaharibu nini? Mawili matatu, na yote yanajulikana. Kitu cha sita kwenye begi lako kinaongezeka kwa 128, na hilo ndilo lililowavuta watoto wote kule. Picha za Pokémon wengine zinaweza kuvurugika kwa muda. Na picha yake, kwa kuwa vipimo vyake ni vikubwa kuliko nafasi iliyotengwa, inamwagikia jirani. Jirani huyo ni Hall of Fame, orodha ya ushindi wako. Hiyo inaharibika kweli, sibishi. Lakini safari yenyewe, yaani timu yako, beji zako, ulipofikia, imehifadhiwa chumba kingine kabisa cha kumbukumbu. Mafuriko ya picha hayafiki huko.

Mtaniambia Nintendo wenyewe walionya mwaka 1999, kwenye jarida lao, kwamba anaweza kufuta mchezo. Walionya, ndiyo. Kampuni kumwambia mtoto "usiguse" ni rahisi kuliko kumweleza mtoto kumbukumbu inavyopangwa. Onyo si ushahidi.

"Lisemwalo lipo," mtasema, "mbona watu walipoteza gemu zao?" Walipoteza. Hata mimi.

Mwaka 2012 nilikuwa na Game Boy ya mtumba na kaseti ya Blue. Mdogo wangu alikwenda Cinnabar bila kuniambia. Siku mbili baadaye nikawasha: hakuna kitu, gemu linataka nianze upya. Nikamwita mwizi, nikamnyima gemu mwezi mzima, na nyumba nzima ikaambiwa kwamba dogo huyu haachiwi kitu. Nikaanza upya peke yangu. Nikahifadhi, nikazima, nikalala. Asubuhi hakuna kitu. Nikarudia. Hakuna kitu. MissingNo. sikuwa nimemkaribia hata kidogo. Ndani ya kaseti zile kuna betri ndogo inayoshikilia kumbukumbu. Ikifa, kila ulichohifadhi kinaondoka nayo. Yetu ilikuwa imekufa.

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mimi nilisingizia hitilafu, na nyuma ya hitilafu nikamsingizia mtoto.

Ndiyo maana nakasirika mtu anaponijibu, "Aa, si hadithi tu hiyo?" Hadithi ile ilinipa mshtakiwa kabla sijafungua kaseti kuangalia. Andikeni majini, mimi nayapenda majini. Lakini mkiandika kwamba kitu fulani kiliharibu kitu fulani, hapo mnashtaki, na mshtaki anatakiwa kuangalia betri kwanza.

Mdogo wangu sasa ni mtu mzima, na mwezi ule sijawahi kumwomba radhi. Leo namtumia kiungo cha andiko hili.