Waogeleaji Wasilipishwe Madeni ya Viongozi

Mwezi Julai 2023, katika mji wa Fukuoka nchini Japan, vijana wa Kenya walishuka majini kushindana na waogeleaji wa dunia nzima. Kila aliyewatazama kutoka Mombasa au Nairobi aliwajua kuwa ni watoto wa nyumbani. Hata hivyo, katika orodha ya matokeo, pale ambapo wenzao waliandikiwa majina ya nchi zao, wao waliandikiwa maneno yenye maana kwamba chama chao kimesimamishwa uanachama. Bendera ya Kenya haikuwa na nafasi katika bwawa lile. Kosa halikuwa la vijana hao. Lilitokana na mgogoro wa muda mrefu wa uongozi na uchaguzi katika chama cha mchezo huo nchini mwao, na shirikisho la kimataifa lilipochoka kungoja, likakisimamisha.

Wapo watakaosema kuwa hayo ni mambo ya Kenya na yanawahusu Wakenya wenyewe. Sisi hatukubaliani na fikra hizo. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Na tena Kenya si nchi changa katika mchezo huu. Ni Mkenya, Jason Dunford, aliyefika fainali ya mita 100 kwa mtindo wa kipepeo katika Michezo ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, na akatwaa medali ya dhahabu ya mita 50 za mtindo huo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Delhi mwaka 2010. Iwapo nchi yenye historia ya namna hiyo inaweza kufikishwa mahali ambapo vijana wake wanaogelea kama watu wasio na kwao, hakuna chama cha michezo katika Afrika Mashariki kinachoweza kujidai kuwa kimesalimika.

Yafaa wasomaji wetu, hasa watumishi wa serikali na walimu, waelewe jinsi jambo hili linavyomfikia mchezaji. Mwogeleaji hajipeleki mwenyewe katika mashindano ya dunia. Jina lake hupelekwa na chama cha taifa, na chama ndicho kinachothibitisha uraia wake na muda wake. Chama kikisimamishwa, hakuna aliye na mamlaka ya kutia sahihi. Mtumishi yeyote aliyewahi kuona faili likikwama kwa kukosa sahihi moja anajua maana yake, isipokuwa kwamba hapa faili lenyewe ni umri wa kijana. Mwogeleaji hukomaa kwa miaka michache tu, na Olimpiki huja mara moja katika miaka minne.

Madhara yangeweza kuwa makubwa zaidi. Nchi ambazo waogeleaji wake hawajafikia muda wa kufuzu hupewa nafasi maalum za Olimpiki, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Kwa Michezo ya Paris ya mwaka 2024, aliyetaka nafasi hiyo alipaswa kwanza awe ameshiriki mashindano ya dunia ya Fukuoka mwaka 2023 au yale ya Doha mwaka 2024. Kwa hiyo kumfungia kijana mlango wa mashindano ya dunia ni kuhatarisha pia njia yake ya kwenda Olimpiki. Shirikisho la kimataifa, ambalo zamani likiitwa FINA na sasa huitwa World Aquatics, lilifanya jambo la busara kuwaacha vijana wale waogelee, ingawa bila bendera. Paris, Maria Brunlehner na Ridhwan Mohamed waliogelea kwa jina la Kenya, sawa na Collins Saliboko na Sophia Latiff walioiwakilisha Tanzania.

Lakini tusijidanganye kwamba kuogelea bila bendera ni dawa. Tazama yaliyoipata Kuwait. Mwezi Oktoba 2015 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliisimamisha kamati ya nchi hiyo kwa sababu ya sheria zilizoipa serikali nguvu ya kuingilia vyama vya michezo. Mwaka uliofuata, Rio de Janeiro, wachezaji wa Kuwait, wakiwemo waogeleaji Faye Sultan na Abbas Qali, walishindana chini ya bendera ya Olimpiki. Mlenga shabaha Fehaid Al-Deehani, ambaye mara mbili kabla ya hapo alikwisha ipatia nchi yake medali ya shaba, safari hii alishinda dhahabu. Akasimama juu ya jukwaa, ikapandishwa bendera isiyo yake, ukapigwa wimbo usio wake. Wananchi wa Kuwait walinyimwa furaha ambayo hakuna fedha inayoweza kuinunua. Adhabu hiyo iliondolewa kwa muda mwaka 2018, na kabisa mwaka 2019. Al-Deehani hakurudishiwa siku yake.

Tanzania inajua maana ya kujinyima medali. Mwaka 1976 nchi yetu, pamoja na nchi nyingine zaidi ya 20 za Afrika, ilijitoa katika Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza na makaburu wa Afrika Kusini. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, hakukimbia, na dhahabu ya mbio hizo ikachukuliwa na John Walker wa New Zealand hiyohiyo. Ilikuwa kafara nzito. Taifa lilijua inatolewa kwa ajili ya nini. Miaka minne baadaye, Moscow, Bayi na Suleiman Nyambui walileta medali mbili za fedha, ambazo hadi Michezo ya Paris zilikuwa bado ndizo pekee tulizonazo. Mchezaji anaweza kuombwa ajinyime kwa ajili ya heshima ya Afrika. Hawezi kuombwa ajinyime kwa ajili ya kiti cha mwenyekiti.

Hapo ndipo tunapotofautiana na baadhi ya viongozi wa vyama vya michezo, ambao wakiulizwa habari za uchaguzi au za mapato hukimbilia kusema kwamba serikali hairuhusiwi kuingilia. Ni kweli kwamba kanuni za kimataifa zinakataza serikali kuwaweka na kuwaondoa viongozi wa vyama apendavyo Waziri, na yaliyoipata Kuwait ni onyo la kutosha. Lakini kudai hesabu si kuingilia. Anayetumia fedha ya umma lazima aseme kaitumiaje. Kiongozi anayekalia muhula uliokwisha, huku akitumia uhuru wa chama kama ngao, ndiye anayekiweka chama hicho katika hatari ya kusimamishwa, na bahati mbaya yeye haogelei.

Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lina njia ya kuchukua hatua mapema bila kuvunja kanuni ya mtu yeyote. Tunapendekeza litangaze hadharani kila mwaka ni vyama gani vimefanya uchaguzi kwa wakati kwa mujibu wa katiba zao, ni vipi vimewasilisha hesabu zilizokaguliwa, na ni vipi havijafanya hivyo. Orodha hiyo ifike kwa maofisa michezo wa mikoa na wilaya, na ibandikwe shuleni. Mwalimu anayeamka alfajiri kumpeleka mwanafunzi bwawani ana haki ya kujua kama chama atakachomwandikishia mtoto huyo bado kina sahihi inayokubalika.